Kila Birika Lipewe Mteremko

Katika nchi kavu ya Kitui Kusini, ambako mto ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka na maji hutafutwa ama chini ya mchanga huo ama juu ya majabali, hapana kazi ya mikono inayostahili heshima kuliko kazi ya mwashi ajengaye mahali pa kuhifadhia maji. Mutomo ni mji uliolelewa na kazi hiyo. Majabali makubwa yanayosimama peke yake juu ya pori la migunga na mibuyu yalizungushiwa mifereji ya mawe, yakazibwa kwa kuta, yakafungiwa mabomba, ili mvua ya saa chache igeuke kuwa maji ya miezi. Na mradi wa kuhifadhi udongo na maji uliofadhiliwa na serikali ya Denmark katika miaka ya 1980 ulizizidisha kazi hizo, hata jina la Mutomo likaingia katika vitabu vya mafunzo ya wahandisi wa maji. Basi ninapoandika kwamba waashi wetu wanajua zaidi namna ya kuyaingiza maji birikani kuliko namna ya kumtoa kiumbe aliyetumbukia humo, siandiki kwa kuwatweza, bali kwa kuwa naamini kwamba watu waliokwisha kuliweza lile gumu hawana udhuru wa kuliacha hili jepesi.

Rai yangu ni moja. Kila chombo cha saruji kinachotuamisha maji katika Kitui na Makueni, kuanzia kidimbwi kidogo cha kumwogeshea kobe anayefugwa uani kwa kibali, mpaka hori la ng'ombe, tangi la chini ya ardhi na silanga, yaani bwawa, la shamba, kijengwe pamoja na mteremko wa kutokea, na mteremko huo uandikwe katika ramani na katika hesabu ya vifaa kabla koleo la kwanza halijagusa ardhi. Nimechagua kuanza na kobe, na nitakaa naye kwa muda mrefu kuliko viumbe wengine, kwa sababu yeye ndiye asiyeweza kabisa kujiokoa, na chombo kinachomfaa yeye kitamfaa mwana-mbuzi, kitamfaa kinda la kanga, kitamfaa na mtoto wa miaka miwili.

Kobe wa nchi kavu si kasa. Kasa wa baharini ameumbiwa viungo vipana vya kukatia maji, ilhali kobe wetu ameumbiwa miguu minene ya kubebea mzigo, na mzigo wenyewe ni gamba ambalo halivui usiku wala mchana. Akiingia katika maji yanayopita kidevu chake, huelea kidogo akitapatapa, kisha huchoka. Na akipinduka chali humo hana cha kujiegemeza ili ageuke, akafa katika maji yasiyofika magotini pa mtu. Hata hivyo, wako wanaodhani kwamba kwa kuwa kobe huishi ukame, akapata unyevu katika majani na katika matunda ya dungusi kakati, hana haja ya maji, na dhana hiyo ni batili. Mvua za vuli zinapoanza, zile ambazo wakulima wa Ukambani huzitumainia kuliko masika, kobe wakubwa wa madoa hutoka vichakani wakayaendea madimbwi ya njiani, na mwenye subira ya kutazama atamwona mmoja wao akitia miguu ya mbele ndani ya maji, akanyoosha shingo, akashusha kichwa mpaka pua zikafunikwa, na ngozi ya koo ikawa inapanda na kushuka polepole kwa dakika nyingi bila kichwa kuinuka. Mara nyingi akiwa katika hali hiyo hutoa mkojo, na pamoja nao kitu cheupe kilicho laini, ambacho ni taka ya mwili iliyokuwa imesubiri maji ndipo itoke. Taka hiyo ikitoka ngumu na yenye chembechembe, mfugaji na ajue kwamba kobe wake ana kiu ya siku nyingi.

Kibofu cha kobe ni ghala lake la kiangazi. Maji aliyokunywa mwezi wa Desemba huyaweka humo akayatumia kidogo kidogo nchi inapokauka, na anapotishwa au anapoinuliwa ghafula huyamwaga yote, akabaki hana akiba katika majira ambayo hapana pa kuijazia. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya wasafiri wa barabara ya Kibwezi, Mutomo na Kitui, ambayo zamani ilikuwa vumbi na sasa ni lami, na ambayo kobe huivuka bila haraka. Anayemkuta katikati ya lami na amvushe kwa wema, akimshika kwa mikono miwili, akimwinua chini chini na kumweka upande ule ule aliokuwa akiuelekea. Asimpakie garini kumpeleka nyumbani kwa watoto, na asimgeuze kumtazama tumbo, kwa maana huenda katika kumgeuza huko akamnyang'anya maji ya miezi mitatu.

Sasa mwazie kiumbe huyu, ambaye kiu humsukuma kuyatafuta maji, amefika ukingoni mwa tangi lililochimbwa ardhini, likajengwa kwa mawe, likapigwa lipu na kumaliziwa kwa niru iliyosuguliwa hata iking'aa. Niliwahi kutazama ndani ya tangi la namna hiyo mwishoni mwa kiangazi, maji yalipokuwa yamepungua hata kubaki matope, na sitaki kupamba nilichokiona: gamba moja lilikuwa chini, na ukutani, katika mwani wa kijani uliokuwa umetanda juu ya niru, palikuwa na mikwaruzo ya kucha iliyozunguka tangi zima kwa kimo kimoja, upande hata upande, bila kukatika. Kobe yule alikuwa ameuzunguka ukuta akitafuta mahali pa kupandia, na mwashi hakuwa amemwekea hata jiwe moja.

Haya si ya Mutomo peke yake. Katika jangwa la Mojave, huko Marekani, yalijengwa matangi ya kukinga mvua kwa ajili ya kuwanywesha ndege wa mawindo, na watafiti walioyachungulia katika miaka ya 1990 walikuta ndani ya baadhi yake mabaki ya kobe wa jangwa waliozama. Matangi yale yalikuwa yamejengwa kwa huruma. Lakini huruma iliyokosa vipimo iliua viumbe ambavyo haikuwahi kuvifikiria.

Nasema huruma yenye vipimo inawezekana, na ushahidi wake tunao pwani, wala hatuna haja ya kuuagiza ng'ambo. Katika nyumba za mawe za Lamu, na katika misikiti ya kale, birika la maji ya kuoga na ya kutawadha lilikuwa na samaki wadogo waliowekwa humo wale viluwiluwi vya mbu; na mwashi alipokuwa akiipaka chokaa sakafu ya birika, alipachika ndani yake bakuli la kaure lililotoka Uchina, ukingo wake ukilingana na sakafu, ili maji yatakapopungua, au yatakapotolewa birika lioshwe, yabaki maji kiasi ndani ya bakuli lile na samaki wapate pa kuishi mpaka birika lijazwe tena. Mwashi huyo hakungoja sheria. Alipokuwa bado ana mwiko mkononi na birika lingali kavu, alikwisha kuifanyia hesabu siku ya upungufu na akamkumbuka mdogo kuliko wote miongoni mwa wakazi wa nyumba. Ninayoyaomba kwa waashi wa Mutomo si zaidi ya hayo.

Kabla sijaingia katika ujenzi wa kidimbwi chenyewe, sharti niseme neno juu ya kufuga, nisije nikadhaniwa kwamba nawahimiza watu kwenda porini kuokota. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali, na kibali hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kobe ni mnyama wa porini hata akikutwa katika shamba lako la kunde. Na yuko mmoja ambaye asiguswe hata na mwenye nia njema kuliko wote, naye ni yule kobe bapa wa majabalini, Malacochersus tornieri, ambaye gamba lake ni laini na lenye kubonyea, naye anapotishika hukimbilia katika ufa wa jabali akajikaza humo hata mkono usiweze kumtoa. Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, aliyemtafiti katika Nguni na Nuu, upande wa kaskazini wa kaunti hii hii ya Kitui, na kuuchapisha utafiti wake mwaka 2003, alionyesha jinsi kobe huyu anavyozitegemea nyufa za majabali, na jinsi anavyohasirika kwa ufyekaji wa mashamba mapya na kwa biashara ya kumuuza ng'ambo. Hutaga aghalabu yai moja tu kwa mara moja. Mwaka 2019 alitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na mwaka huo huo mataifa yaliyokutana Geneva yakakubaliana kwamba biashara ya kimataifa ya kobe wa aina hii waliotwaliwa porini ikome. Mtu anayetaka kumfanyia hisani na aliache jabali lake, asing'oe mawe wala asichome moto penye nyufa.

Kisa cha Changuu, kisiwa kilicho mbele ya mji wa Unguja, kinatosha kuwa onyo kwa wanaodai kwamba mapenzi yanatosha. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alileta huko zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra. Wakazaana, na kufikia mwaka 1955 walikuwa wapata 200. Kisha wakaanza kuibwa, wakauzwa kwa watu waliowataka kwa kufuga na wengine kwa kula, hata ilipofika mwaka 1996 walikuwa wamesalia 7 tu, ikalazimu kujengewa boma na kulindwa. Waliowanunua kwa kufuga bila shaka waliwapenda.

Wako, hata hivyo, kobe ambao wamo mikononi mwa watu kwa njia ya halali, katika shule, katika bustani za wanyama, katika makao ya kutunzia majeruhi wa barabarani, na katika nyumba chache zenye vibali. Na hao hawawezi kuyafuata madimbwi ya vuli, kwa kuwa ukuta tuliowajengea umewazuia. Anayemzuia kiumbe asiyafikie maji amejitwika deni la kumletea maji. Deni hilo hulipwa kwa kidimbwi, na kidimbwi chema kina vipimo vyake.

Kichimbwe ardhini, ukingo wake ulingane na uwanja, kwa maana kobe hapandi kizingiti ili akaoge, na kizingiti atakachoshuka vibaya kitampindua. Nusu yake ipate jua la asubuhi na nusu iwe kivulini, kwani maji ya kina kidogo yakiachwa katika jua la adhuhuri la nchi hii hupata moto wa kumdhuru. Umbo lililo bora kuliko yote ni la sahani: duara lenye upana wa mita 1, kina kikubwa kikiwa katikati na kisizidi sentimita 6, pande zote zikipanda taratibu mpaka ukingoni. Wengi hujenga sanduku la kuta nne wakalitia mteremko upande mmoja, na hilo ni afadhali kuliko kutia kuta tupu. Lakini kobe aliyetishika hautafuti mlango, huenda mbele yake, na katika sanduku mbele yake ni ukuta mara tatu katika nne. Katika sahani kila upande ni mlango. Ama kipimo cha maji, hicho hakichukuliwi katika kitabu bali katika mwili wa kobe mwenyewe, yaani maji yafike pale gamba la juu linapokutana na la chini, wala yasipite kidevu chake anaposimama ametulia. Kwa kifaranga hicho ni kina kidogo sana, na maji yanayomfaa mama yake yatamwua.

Shimo lishindiliwe mawe na changarawe, kisha zege limwagwe kwa unene wa sentimita 10, na katikati ya unene huo ulazwe wavu wa kuku ili lisipasuke. Mchanganyiko wa sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 3 za kokoto ndogo unatosha, na kwa kidimbwi cha kipimo nilichotaja hautamaliza mfuko mmoja wa kilo 50. Mchanga uoshwe kwanza. Ule uliotoka katika vijito vya maji ya chumvi, ambavyo si vichache huku kwetu, hula waya uliomo ndani ya zege na baada ya miaka michache nyufa huanza kujitokeza. Wa mto ulio safi, uliosuzwa udongo wake katika karai mpaka maji yakatoka meupe, ndio wa kutumainiwa.

Kisha linakuja jambo ambalo fundi na mwenye nyumba hukosana juu yake. Fundi aliyefunzwa vyema huona haya kuacha kazi bila niru, na moyo wake hautulii mpaka uso wa saruji umekuwa laini hata kiganja kikiteleza. "Mzee, nikiiacha hivi watu watasema Mutomo hakuna fundi," aliniambia mmoja wao, kijana hodari, huku ameshika mwiko tayari. Nikamwomba, "Fundi, weka mwiko chini, tuletee ufagio." Tukangoja mpaka zege likashika kiasi kwamba kidole gumba kilichobonyezwa juu yake kiliacha alama lakini hakikunata, naye akapitisha ufagio wa fito kwa kuuzungusha, akaacha mifereji myembamba inayokata mteremko kwa upana, kuanzia ukingoni hata katikati. Mifereji ya namna hiyo ndiyo inayoshikwa na kucha za kobe anapopanda akiwa ameloa. Isiwe ya kina kirefu wala yenye ncha, kwa kuwa tumbo la gamba hukokotwa juu yake, na ukali huo huo unaomsaidia kupanda waweza kumchubua. Uso ulipokauka, fundi yule aliupanda kwa miguu mitupu iliyoloa, akashuka na kupanda tena, kisha akaniambia kwamba hata bafu za watu zingefaa kumaliziwa hivyo. Nami nilikubaliana naye.

Haraka ya kumwingiza kobe ndiyo hatari inayofuata. Zege jipya hutoa chokaa kali ndani ya maji, yenye kuunguza ngozi na macho, na ukali huo hauonekani kwa jicho wala hauna harufu. Kidimbwi kifunikwe magunia yenye kuloweshwa asubuhi na jioni kwa siku 7, ili saruji igande bila kukauka mapema. Kisha kijazwe maji, yaachwe siku mbili, yatolewe, kijazwe tena, na kazi hiyo irudiwe mpaka siku 28 zitimie. Mwishoni kioshwe kwa siki iliyopunguzwa nguvu kwa maji na kisuzwe. Kisipakwe rangi, kisipakwe lami, wala kisitiwe dawa yoyote ya kuzuia kuvuja ambayo fundi hawezi kuieleza imefanywa kwa nini. Bomba la kutolea maji liwekwe pale penye kina zaidi, na lielekezwe penye shina la mwembe au mpapai, si katika tuta la mboga, kwa kuwa kobe hunya katika maji anayooga, na katika kinyesi chake aghalabu mna vijidudu vya salmonela ambavyo havimdhuru yeye lakini humwangusha mtu kwa kuhara na homa. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, na watoto wadogo wasimamiwe. Maji yamwagwe siku ile ile. Yakilala, mbu watataga.

Maji yenyewe yawe ya mvua kila inapowezekana. Visima vingi vya kuchimbwa kwa mashine katika pande hizi hutoa maji yenye chumvi, na kumwogesha kobe katika maji ya chumvi ni kumwongezea kiu aliyokuja nayo.

Najua swali ambalo msomaji wa Ikutha, wa Mutha au wa Kanziko amekuwa nalo tangu aya ya pili, nalo ni swali la haki. Katika nchi ambamo mama huamka alfajiri akamswaga punda mpaka penye maji, akapanga foleni, akarudi jua likiwa juu na mitungi minne ya lita 20, je, ni insafu kumtengea maji kobe? Jibu langu ni la hesabu. Kidimbwi cha sahani nilichokieleza hujaa kwa maji ya mtungi mmoja hivi, nacho hutumika mara mbili au tatu kwa juma, nusu saa kila mara, na maji yake yote humalizikia kwenye shina la mti wa matunda ambao ungehitaji kumwagiliwa vivyo hivyo. Mti ule ungepata mtungi wake hata kama kobe asingekuwapo. Lakini jibu la hesabu lina upande wa pili, na sitauficha: nyumba ambayo haiwezi kutoa robo ya mzigo wa punda kwa ajili ya kobe, na hakuna aibu katika kutoweza huko, isiombe kibali cha kumfuga. Kobe aliyeko porini anajua kujitafutia, na kumwacha huko ni wema usiogharimu hata tone.

Nimesema kwamba kidimbwi cha kobe ni mwanzo tu, na sasa naingia katika lile ninaloliona kuwa zito zaidi. Katika miaka ya karibuni masilanga ya mashambani yameongezeka Ukambani, yakitandikwa karatasi ya plastiki ili maji yasinywewe na ardhi, na karatasi ile inapolowa huteleza kupita niru yoyote iliyowahi kupakwa na mwashi. Mwana-mbuzi anayeteremka kunywa hawezi kupanda. Mtoto aliyetumwa kuchota hawezi kupanda. Mtu mzima anayejua kuogelea, na wachache huku wanajua, hupapasa kuta hata nguvu zikamwisha. Mwenye silanga na alizungushie ua wa miiba, lakini ua peke yake hautoshi, kwa sababu miiba hulika na mlango husahauliwa wazi. Ndani mwake pia kilazwe kitu cha kupandia, kama vile magurudumu makuukuu ya gari yaliyofungwa kwa kamba kutoka ukingoni mpaka chini, au wavu mzito uliopigiliwa juu na kuzamishwa kwa mawe, au, lililo bora, pembe moja iliyojengwa kwa mawe bapa yaliyopangwa kwa ngazi fupi. Vifaa hivyo hupatikana Mutomo mjini siku yoyote.

Kati ya kazi zetu zote za maji, iliyo na upole kuliko nyingine ni boma la mchanga, ule ukuta wa zege unaokinga mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na maji yajifiche ndani ya mchanga. Shirika la SASOL, linalofanya kazi Kitui, limesaidia vijiji kujenga mamia ya kuta za namna hiyo, na robo au zaidi ya ujazo wa mchanga uliokingwa huwa ni maji ambayo jua haliyafikii wala kiumbe hawezi kuzama ndani yake. Pale pasipo na mto wa mchanga hatuna budi kuyaweka maji wazi au katika matangi, na hapo ndipo wajibu wa mteremko unapotuangukia.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti, katika ramani zake za mabirika na katika zabuni zake, iutaje mteremko wa kutokea pamoja na uso wake uliopigwa ufagio, uwe sharti la malipo sawasawa na unene wa ukuta; maana kisichoandikwa katika zabuni hakijengwi, hata mhandisi akiwa mwema. Naziomba shule zenye kobe, na ofisi inayotoa vibali, zisikubali kibali kipya mpaka kidimbwi kiwe kimeonekana kwa macho na kupimwa kwa rula. Na kwa mabirika yaliyokwisha kujengwa, ambayo ni mengi kuliko yatakayojengwa, naziomba kamati za maji za majabali yetu zisingoje fedha kutoka popote. Mwezi wa Septemba maji yakiwa chini, watu wawili na karai tatu za mchanganyiko wanaweza kwa siku moja kupanga mawe bapa katika pembe ya tangi, wakayaunganisha kwa saruji, wakayapitishia ufagio, kabla mvua za Oktoba hazijafika. Orodha ya matangi hayo kila kamati inayo, kwa kuwa ndiyo inayoshika funguo za mabomba yake.